Babu Alipoacha Kukohoa

Kijijini kwetu, kabla ya mteremko wa kushukia Muze, baba mkwe haendi jikoni kwa mke wa mwanawe bila kujitangaza. Babu alijitangaza kwa kukohoa. Hakuwa mgonjwa. Kilikuwa kikohozi cha heshima tu, mara moja, akifika kwenye kona ya ghala la mahindi, ili mama apate muda wa kufunga kanga na kuinuka mkekani.

Juni ile niliporudi kutoka chuoni, kikohozi hicho hakikuwepo tena. Mama aligeuka kuchukua chumvi akamkuta babu amesimama mlangoni, blanketi mabegani, ukungu nyuma yake. Aliangusha mwiko. Siku nyingine alipiga kelele kabisa.

"Anatokea tu," aliniambia kwa sauti ya chini, ingawa babu alikuwa mbali.

Shangazi, binti wa babu, alikuwa na jibu tayari. "Mtu akichukuliwa na wachawi, sauti ndiyo inatangulia. Kilichobaki pale ni kivuli."

"Shangazi, kivuli kinamaliza bakuli la uji?"

"Wewe na digrii yako! Kaa naye basi, halafu utueleze."

Nilikaa naye. Uchawi sikuuamini, lakini swali lenyewe lilinikera: kwa nini hakohoi? Jikoni, kuni mbichi zilitukohoza sisi wengine. Babu alikaa katikati ya moshi, machozi yanamtiririka, kifua kimya kama cha mtu aliyelala.

Kwa sababu ya baridi, shangazi alimnywesha uji mwepesi wa ulezi kitandani, amelala chali, blanketi hadi kidevuni. "Ona anavyokunywa vizuri," alisema. "Hata hapaliwi."

Nilimuuliza babu kama ameshiba. Alinijibu kwa sauti ya mtu mwenye maji mdomoni. Nilitazama: mdomo ulikuwa mtupu.

"Babu, hebu kohoa kidogo."

Kifua kilipanda, mdomo ukafunguka, ikatoka pumzi tu. Akatabasamu. "Nimesahau njia yake," alisema.

Siku chache baadaye alianza kuniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, na kunilaumu kwa nini nimechelewa kuja kumchukua. Pumzi zake zilikuwa fupi na za haraka. Nilimgusa kipaji cha uso. Hakikuwa cha moto.

"Hana homa, kwa hiyo huo si ugonjwa wa hospitali," shangazi alisema. "Tumpeleke kwa mganga kabla hawajammaliza."

"Na akifia kwa mganga?"

Mama ndiye aliyemaliza ubishi. Tangu aolewe hakuwahi kumshika mkwewe hata mkono. Alijifunga kanga ya pili, akaita bodaboda, akapanda nyuma ya babu na kumkumbatia asianguke, hadi Sumbawanga mjini. Watu barabarani waligeuka kumtazama. Mimi nilifuata na pikipiki nyingine, nikiangalia kichwa cha babu kinavyoyumba begani kwake.

Daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu. Ilikuwa homa ya mapafu.

"Mbona hana homa, wala hakohoi?" niliuliza.

"Wazee wengi mwili haupandi joto. Na koo likizeeka linapoteza hisia. Uji ukienda njia ya hewa, halishtuki. Unaingia kidogo kidogo, pamoja na uchafu wa mdomoni, na hakuna anayesikia."

"Sasa mtu atajuaje?"

"Mara nyingi hajui."

Maelezo yake yalinitisha kuliko ya shangazi. Mchawi angalau ana nia. Huu ulikuwa uji wetu wenyewe, tuliompa kwa upendo.

Babu alitundikiwa dripu na kuchomwa sindano hadi akaniita tena kwa jina langu. Hapo tukaruhusiwa kumlisha: akae wima, kidevu kikiinama, uji mzito, kijiko kimoja kimoja, na kinywa kisafishwe kila siku. Shangazi alishika kijiko mwenyewe. Mama na mimi tuliinama kutazama.

"Mnaniangalia koo kana kwamba nimemeza pete ya askofu," babu alisema.

Alimeza. Koo likapanda, likashuka. Hakukohoa.

"Hiyo imepita wapi?" shangazi alininong'oneza.

 Tulisubiri aongee, tusikie kama sauti ina maji.

"Sukari haitoshi," babu alisema. Sauti ilikuwa kavu. Shangazi akachota kijiko kingine, nasi tukainama tena.