Shangazi Sihaba na Zaka Yenye Maswali

Siku zile Bagamoyo, kumi la mwisho la Ramadhani likiingia, kila mwenye uwezo alifungua mlango wake na kugawa zaka: huyu sumni, yule sumni, senti hamsini hamsini, mstari unapita, dua zinapanda, basi mpaka mwakani. Shangazi yangu Sihaba binti Muhidini, mjane wa mfanyabiashara wa mbata za nazi, alifanya hivyo mwaka mmoja tu baada ya kufiwa. Mwaka wa pili alisimama mlangoni akawatazama waliojipanga, akasema, "Nyinyi si ndio wale wale wa mwaka jana?"

Walikuwa ndio hao hao. Wakaitikia kwa furaha, wakidhani amewakumbuka.

Tangu hapo mambo yakageuka. Zaka yote ya mwaka alimpa mtu mmoja, wakizidi wawili, na haikuwa fedha taslimu bali chombo cha kazi. Lakini kwanza sharti ukae barazani uulizwe. Utauza nini? Nani atanunua? Mkeo anajua? Mimi Mwanvita, binti wa kaka yake, niliyekaa naye na kumpikia, nimeona wanaume wazima wakitoka pale kofia zimelowa jasho. Mji mzima ulinuna. Sadaka gani hii ya kuhojiwa kama polisi?

Hasara hazikumtisha. Mabata ishirini aliopewa Ausi walikwenda kutembea Mto Ruvu, na mamba hawana subira. Mize alipewa cherehani, akaolewa Pangani kabla hajashona hata foronya moja, na cherehani kikaenda naye pamoja na masufuria. Shangazi alitikisa kichwa tu.

"Waanguke hata tisa," alisema. "Mimi namtaka mmoja. Mmoja aliyepokea zaka yangu, nimwone kwa macho yangu naye anatoa zaka. Kabla sijafa, Mwanvita."

Pale mwishoni sauti yake ilitetemeka kidogo. Ndiyo maana nilimvumilia.

Taabu ni kwamba kwetu hakuna mtu anayekiri kuwa mambo yake mazuri. Anaogopa jicho, anaogopa wakopaji, na akiwa ameshapewa mara moja anaogopa asije akanyimwa ya pili. Fundi wa mambo hayo alikuwa Mwishehe, muoka mikate wa Msata, pale njia panda wanaposimama malori. Shangazi alimjengea tanuri na kumnunulia unga wa kuanzia. Miaka minne mfululizo alikuja kwetu kila Ramadhani na kanzu ile ile yenye tundu begani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mikate inakwendaje?"

"Aa, bibi, tunasukuma tu."

Ramadhani ya mwaka sabini na tatu shangazi akachoka kusukumiwa. Alinishika mkono tukapanda lori la mkaa bila kumwarifu mtu, tukashuka Msata alasiri, weusi kama vyungu. Matanuri yalikuwa matatu. Nyumba ina bati jipya. Mwishehe mwenyewe amesimama na shati la nailoni na saa ya mkononi, anawakaripia vibarua. Alipotuona alitimua mbio ndani, akatoka na ile kanzu yenye tundu, ameivaa juu ya shati.

"Shikamoo, bibi," akahema. "Tunasukuma."

Shangazi akapiga kigelegele. Madereva wa malori waligeuka. Alilia na kucheka kwa pamoja, na masizi ya mkaa yakamchirizika mashavuni. Mwishehe akapiga magoti. "Bibi, nakuomba, usiyavunje matanuri!"

"Nani anayataka matanuri yako? Toa zaka, mwanangu. Toa sasa hivi, nikuone."

Akatoa. Aliita watu wote wa Msata, mstari ukafika barabarani, akaanza: huyu sumni, yule sumni.

Shangazi alimtazama mpaka akashindwa. "Mwishehe! Mbona humuulizi mtu hata neno?"

Mwishehe hakuacha kugawa. "Bibi, tanuri lako limenilisha, Mungu akulipe. Lakini mwaka ule wa kwanza binti yangu Sada aliugua, sina nauli ya kumfikisha hospitali. Kwako niliogopa kuja. Nilijua utaniuliza unga umekwenda wapi." Akamwekea kikongwe sumni kiganjani. "Hawa hapa ndio waliochanga. Sumni, sumni. Hakuna aliyeniuliza."

Binti mwenyewe alikuwa pale kando ya sinia la mikate, mzima, anatafuna pipi huku sisi tumefunga. Shangazi alimtazama muda mrefu. Nilimwonea huruma mwanamke yule, nami si mtu wa huruma nyingi. Alikipata alichokitaka miaka yote, na hakujua akishike vipi.

Tulirudi na lori la mahindi. Tumefika nusu ya njia ndipo aliponigeukia.

"Mwanvita, na wewe unaniogopa?"

"Sana, shangazi."

"Miaka yote hii! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi," nikasema, "na wewe ndiye unayeuliza?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniwekea mkono gotini, akangoja niseme mimi.