Ukingo Uliopinda wa Kawa ya Habuba

Harufu ya ukindu unaochemka katika rangi nyekundu hunifuata hata sasa. Niliwahi kuisikia Bunia, kule Kongo, nyuma ya banda la mtu aliyekuwa akitia nguo rangi, nikasimama barabarani na mzigo wangu kichwani kana kwamba nimeitwa jina. Ni harufu ya majani mabichi, chumvi na moshi, na kwangu ndiyo harufu ya Ramadhani katika ua wetu wa Arua, Uganda, mwaka ule nilipokuwa msichana wa miaka kumi na bibi yangu alikuwa tayari mzee. Sisi Wanubi bibi tunamwita Habuba. Wangu aliitwa Zainabu, na aliishi sana, hata akazika marafiki zake wote na baadhi ya watoto wao. Lakini nikimkumbuka namwona katika mwezi ule mmoja, amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, sindano ndefu mkononi, midomo ikitembea kwa dhikri.

Alikuwa akisuka kawa, vile vifuniko vya chakula vyenye nakshi ambavyo wanawake wetu hufunikia sinia. Za kwake zilitambulika kutoka mbali, sinia ya futari ikipita mtaani kuelekea msikitini. Alianza katikati kwa bismillahi, akazunguka polepole, nyekundu, nyeusi, zambarau, na hakuchora popote; nakshi yote ilikuwa kichwani mwake. Hakushika sindano bila udhu. Tena alikuwa na desturi moja iliyonichosha kuitazama: sehemu yoyote aliyoisuka akiwa na hasira aliifumua. Alisema kawa hukaa juu ya chakula cha watu, na kinyongo kikishonwa humo, watakila. Nilidhani kila bibi hufanya hivyo. Miaka mingi baadaye, nikizunguka nchi na kuwauliza wasukaji kila nilipolala, sikumpata mwingine.

Kawa ya mwaka ule ilikuwa ya Mastura, mdogo wake aliyeolewa mji wa Koboko. Hawakuwa wamesemezana tangu msiba wa mama yao, ambapo Habuba, kwa kujivunia mkono wake, alimwambia Mastura mbele ya wanawake wote kwamba kawa zake ni milango ya nzi. Mastura naye akamjibu kwamba swala zake ni za kuonwa na watu. Basi wakaachana hivyo, Idd baada ya Idd, bila salamu. Ramadhani ile zikaja habari kwamba Mastura amelazwa na miguu, hainuki tena kitandani. Habuba akaapa kumpelekea kawa kabla ya Idd, asije akafiwa na mdogo wake wakiwa na neno lile kati yao. Lakini kila akisuka, jibu la Mastura lilimrudia. Niliona uso wake ukibadilika, sindano ikisimama, kisha vidole vikianza kufumua kazi ya asubuhi nzima. Mwezi ukawa unakwisha, na ukingo ulikuwa bado.

Mimi sikuwa mtoto wa kukaa. Shule nilikuwa nimeanza kuitoroka ili nikaone malori yaliyotoka Kongo na kuwauliza matanboi, wale wasaidizi wa madereva, huko kuna nini. Alasiri moja, Habuba aliingia ndani kuswali, na saumu ikamlaza palepale juu ya msala. Nikachukua sindano. Nilivuta sana hapa, nikalegeza kule, na nilipomaliza, ukingo ulikuwa umejiinua upande mmoja kama mdomo wa mtu aliyenuna. Habuba aliamka, akaupitisha kidole polepole. Nilisubiri kofi.

“Ulikuwa na hasira ulipokuwa ukisuka?” aliniuliza.

“Hapana, Habuba. Nilikuwa nimechoka kukuona ukifumua.”

“Basi haufumuliwi,” akasema.

Tulikwenda Koboko juu ya lori la mihogo, vumbi la barabara ya Manibe likitujaa machoni, yeye amefunga saumu, kawa ameiviringisha katika leso na kuipakata kama mtoto mchanga. Mastura alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba uani, majirani wamemzunguka. Aliipokea kawa bila salamu, akaizungusha, akaupapasa ukingo, kidole chake kikasimama.

“Dada Zainabu,” alisema, “leo na wewe umejenga mlango wa nzi.”

Wanawake wakacheka. Nilijibana nyuma ya mgongo wa Habuba. Angeweza kuninyooshea kidevu tu, na kila kitu kingeeleweka.

“Macho yangu yamezeeka, Mastura,” alisema. “Neno lile nililokwambia, nisamehe.”

Mastura aliiweka kawa kando. Alimshika mkono, na jioni ile walifuturu sinia moja. Mimi nilifurahi kwamba sikuaibishwa, sikuwaza zaidi. Kumbe tangu siku ile Koboko ilijua kwamba mkono wa Zainabu umeharibika, na yeye aliendelea kusuka na kuswali miaka mingi bila kusahihisha neno hilo.

Mastura alitangulia, Habuba akamfuata baadaye, nami nimerudi Arua na magoti yasiyotaka tena barabara. Binti wa Mastura aliniletea ile kawa. Aliniambia mama yake alijua. “Alisema, huu si mkono wa dada yangu, huu ni mkono wa mtoto. Lakini kama Zainabu ameweza kunyamaza, na mimi nanyamaza.”

Siku hizi sokoni kuna vifuniko vya wavu wa plastiki, vyepesi, vinakaa sawasawa, na hakuna anayevisuka akidhikiri. Mimi nafunika ugali wangu wa mihogo kwa kawa ileile, na nzi huingia kwa upande ule niliousuka mimi. Juzi nilichukua sindano niufumue ukingo ule, niusuke upya, maana sasa mikono yangu inajua. Kisha nikajiuliza swali la Habuba, kama nina hasira. Sina. Nimechoka tu. Nikairudisha kawa juu ya sahani, na upande uliopinda nikauwekea kijiko juu, nzi wasiingie.