Kiumbe Wangu Hakuwa na Pua

Jumanne, tarehe nane mwezi wa sita, niliumbuliwa mbele za watu na mnyama ambaye hayupo duniani.

Mbaya zaidi, nilimchora mwenyewe.

Subirini, msicheke bado.

Mimi ni fundi wa kuchora kuta. Yule ng'ombe anayetabasamu nje ya bucha, kana kwamba hajui kinachoendelea ndani, ni wangu. Shule niliiacha mapema, nayo ikashukuru.

Binti yangu anapanga kurasa kwenye ofisi ya kuchapa vitabu. Tangu mama yake afariki, ananitafutia shughuli nisishinde ndani nikitukana wakubwa. Ndipo akaniombea kazi kwa bosi wake: kuchora kiumbe wa sayari nyingine kwa ajili ya kitabu cha watoto.

"Baba anaweza," alimwambia. Yaani nikiboronga, aibu ni yake.

Nikaboronga.

Nilichora pembe, mabawa, meno ya msumeno, miguu ya kuku. Nilipomaliza nikajipigia makofi.

Bosi akaikodolea macho ile picha.

"Mzee wangu, huyu anakula nini?"

"Watu."

"Huko hakuna watu."

"Basi anavumilia."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Binti yangu akawa anakagua viatu vyake.

"Na hewa ya huko ni nyepesi mno. Anapumulia wapi?"

Nikatazama. Lahaula! Pembe kibao, pua hakuna.

"Kwanza ujue anaishije, mzee, ndipo umfanye atishe. Nataka mwingine Ijumaa. La sivyo nampa mpwa wangu, ana kompyuta."

Wakubwa ndivyo walivyo. Hata sayari ya mbali wanagawiana na ndugu zao.

Nyumbani nikamlaumu bosi. Nikalaumu penseli. Nikalaumu aliyegundua sayari.

Halafu nikajiuliza: hivi kiumbe akikosa hewa, anakaaje?

Hilo nalijua. Hakuna aliyenifundisha, niliketi kando ya kitanda nikaliona.

Mkono ukaenda wenyewe. Kifua kama pipa. Mabega yamepanda hadi masikioni. Mishipa ya shingo imetuna, pua zimetanuka. Nikamkalisha ameinama mbele, viwiko magotini, midomo imebana kama anayepuliza chai ya moto.

Pembe nikafuta zote.

Ijumaa bosi aliitazama picha, akasahau hata kukaa.

"Mzee! Huyu anapumua kabisa! Umemtoa wapi?"

Binti yangu alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Baba," alininong'oneza. "Mama alikuwa anakaa hivihivi."

Bosi hakusikia. "Kazi ni yako, mzee. Ila anahangaika sana, watoto watalia. Hebu mwongezee hewa kidogo."

Nimwongezee hewa. Kirahisi hivyo.

Nikachukua penseli. Nikamshusha mabega, nikamlegeza shingo, nikamnyoosha mgongo. Muda si muda akapata nafuu, palepale mezani, mimi na mwanangu tunamtazama.

Basi, ndugu zangu mnaochora, jifunzeni kwa mjinga mwenzenu: anzeni na pumzi, pembe zitakuja baadaye.

Nanyi wakubwa wa ile hospitali alikofia mke wangu, nimeshapita kila dirisha lenu, kila mmoja ananisukumia kwa mwenzake. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo. Ulikuwa stoo, mlango umefungwa, mganga mkuu yuko semina.

Ufunguo alikuwa nao nani?