Picha Yangu ya Himalaya

Nnafanya kazi ofisi ya safari hapa Azaiba, na leo nichekeni taratibu. Juzi Bi Salma wa Bawshar alikuja kuulizia Himalaya. Nikamsifia theluji, mji wa Shimla uliojengwa juu vilimani, na sikukuu ambazo watawa hucheza ngoma wamevaa vinyago.

"Mwenyewe umefika?"

"Mara mbili, Bibi!" Wallahi hata harufu ya huko siijui. Ulimi ukanoga, nikamwonesha na picha yangu mlimani, nimejitanda shali mpaka puani.

Bi Salma akavaa miwani, akaitazama kwa utulivu.

"Mashaallah, kumbe shemegi yangu naye kafika Himalaya! Si huyo hapo nyuma yako, anamwagilia mikomamanga yake hapa hapa kwetu, mlimani Jabal Akhdhar?"