Maji ya Mvua kwa Landrova ya Rehani

Ukipita Chang'ombe ya Dodoma asubuhi ukaona miguu miwili imetokeza chini ya Landrova, usishtuke, hakuna aliyegongwa. Hiyo ni miguu ya Rehani, na hapo ndipo anapopokelea wageni. Msalimie tu. Atakuitikia kutoka huko huko chini, atakuuliza habari za nyumbani kwako, mtu mmoja mmoja, na kama huna haraka atakuomba umsogezee spana, ile yenye mpini uliofungwa kitambaa.

Landrova yenyewe ni ya zamani kuliko mkewe, Stara. Ilikuja Dodoma na mradi wa kuchimba visima, na Rehani akiwa kijana alikuwa utingo wake. Mradi ulipokwisha gari likaachwa nyuma ya ghala miaka mingi, mpaka mbarika ukaota pale dereva alipokuwa akiweka miguu. Lilipopelekwa mnadani watu walicheka. Rehani hakucheka. Alilinunua, akaling'oa ule mbarika, akalikokota hadi nyumbani kwa trekta la kuazima.

Tangu hapo, matengenezo ni yake mwenyewe. Bushi za springi amezichonga kwa raba ya tairi la lori. Tangi likitoa petroli huliziba kwa kipande cha sabuni ya mche alichokikanda mpaka kikalainika. Mlango wa kushoto hufungwa kwa mpira wa baiskeli, na abiria akitaka kushuka lazima amwombe Rehani, maana fundo lile analijua yeye peke yake. Msidhani ni ubahili. Vipuri vya gari la umri ule huwezi kuvikuta dukani, na hata ukivikuta, Rehani ni mtu wa kupenda kujua kitu kimekufa kwa ugonjwa gani kabla hajakizika.

Kazi ya gari hilo ni zabibu. Kule upande wa Hombolo, ng'ambo ya korongo la mchanga, kuna mashamba ya kikundi cha akina mama, na mkubwa wao ni Tereza, Mgogo wa hapo hapo, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe. Malori ya Kenta hayaingii huko, yanazama mchangani mpaka ekseli. Landrova ndiyo inayovuka. Kwa hiyo kila mavuno Rehani hupakia kreti na kuzileta mjini, kwenye kiwanda kidogo cha kukamua. Na zabibu ikishaiva ikakatwa, ni mgeni mwenye haraka. Huwezi kumwambia asubiri kesho.

Msimu uliopita ndipo Landrova ilipoanza kuchemka. Kwanza ilichemka kidogo, ikapewa maji, ikaendelea. Kisha ikachemka katikati ya korongo, jua la saa nane, kreti zimejaa. Mvuke ulitoka kwenye boneti kama wa sufuria ya shughuli. Kusubiri ipoe, kuongeza maji, kuchemka tena, mpaka zabibu za juu zikaanza kutoa machozi na nyuki wakaja kufanya mkutano. Kiwandani wakatazama zile kreti, wakatikisa kichwa.

Tereza alianza na utani, kama ilivyo desturi baina ya Wagogo na watu wa asili ya Rehani, Wanyamwezi waliobaki hapa tangu enzi za misafara.

"Mtani, babu zako walibeba pembe za ndovu kichwani kutoka Tabora mpaka pwani, hawakuchemka. Wewe umepewa magurudumu manne."

Rehani alicheka, kwa sababu utani lazima uchekewe. Lakini Tereza aliendelea bila kucheka.

"Msimu ujao nakupa safari moja. Ikichemka tena, nitawatafuta wenye trekta."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Stara alisikiliza habari yote akipepeta mchele, kisha akasema kwa upole kwamba gari amelivumilia vya kutosha, na likimwaibisha mumewe mara nyingine, waitwe wale wa vyuma chakavu walikate, ile nafasi apande mchicha. Rehani aliwaona akilini wale watu na mtungi wao wa gesi, milango ikilala huku, chasisi kule, na yeye akiamka asubuhi hana pa kuweka mikono yake.

Basi akaanza kutafuta ugonjwa. Alibadilisha mkanda wa feni. Alifungua pampu ya maji, akaikatia gasketi mpya kwa boksi la sabuni. Alimwita Nikodemo, rafiki yake, fundi wa kuchomelea wa mtaa wa pili, ambaye aligonga rejeta kwa kidole, akasema imeziba, kaka, tafuta nyingine. Rehani alikubali kwamba imeziba. Ila imezibwa na nini? Maji aliyoitilia siku zote alikuwa akiyachuja kwa kitambaa cheupe, tone kwa tone.

Hapa lazima niwaeleze kidogo kuhusu maji yetu. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi, sabuni haitoi povu, na mgeni akionja chai mara ya kwanza hukunja uso. Chang'ombe wamepanga wafanyakazi wa serikali na wanafunzi waliotoka Bukoba, Mbeya, kila upande, na hakuna aliyelalamikia maji mbele ya Rehani akabaki salama. Huwaambia kwamba maji hayo yamemlea baba yake, yamemlea yeye, na mifupa yake wanaiona ilivyo. Mtu wa namna hiyo, ikichemka rejeta, ataitilia maji gani? Hayo hayo. Ikiyachemsha yakapungua, anaongeza mengine. Miaka nenda, miaka rudi.

Jibu lilikuja kwa njia ya chai.

Stara hutengeneza juisi ya ukwaju na kuwauzia wanafunzi, na juisi yake inapendwa kwa sababu haina ladha ya kisima. Huitengeneza kwa maji ya mvua anayokinga kwenye tangi nyuma ya nyumba, tangi ambalo hakuna mtu mwingine anayegusa koki yake. Makapi ya ukwaju hayatupi. Birika la chai likianza kuwa zito, huyachemshia humo. Asubuhi moja Rehani alikuwa ameketi akisubiri chai, Stara akamwaga lile birika uani, na yakatoka magamba meupe kama maganda ya mayai.

"Nini hicho?" Rehani aliuliza.

"Maji yako unayoyasifia. Yanaacha mifupa."

Rehani aliokota gamba moja, akalivunja kwa ukucha. Akachungulia ndani ya birika, likawa linang'aa kama la bi harusi. Akatazama Landrova. Chai ile alikuja kuinywa imepoa.

Aliomba makapi yote, akaomba na ukwaju wenyewe juu yake, akauchemsha kwenye sufuria kubwa ya pilau, akachuja, akaijaza rejeta. Akawasha injini, akaiacha ikinguruma taratibu mpaka ikapata joto la kutosha, kisha akafungua chini. Kilichotoka kilikuwa kama uji wa ulezi uliomwagiwa mchanga. Akarudia. Akarudia tena. Majirani walikuja kunusa, wakasema gari linaharisha. Mwishoni yalitoka maji ya rangi ya chai nyepesi, na Rehani akaingia ndani akiimba, jambo ambalo Stara anasema hutokea kwa nadra na halifai kuhimizwa.

Furaha ilifika jioni ile ile ikaondoka. Alipotia maji ya kusuuza, rejeta ilianza kuvuja huku na huku kama kikapu. Nikodemo akaitwa. Aliinama, akaangalia kwa muda, akapiga mluzi.

"Kaka," alisema, "ule ukoko ndio uliokuwa rejeta."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Rehani aliketi juu ya tairi. Siku hiyo hiyo Tereza alikuwa ametuma salamu kwamba zabibu zimeiva na kukata kunaanza Jumamosi.

Sasa, baba yake Rehani alikuwa fundi bati. Alitengeneza vibatari kwa makopo ya maziwa, na kibatari kikivuja mafuta ya taa, nyumba ya mtu inaungua, kwa hiyo lehemu yake ilikuwa lehemu ya kweli. Chuma chake cha shaba cha kulehemia kilikuwa bado kipo, kimefungwa kwenye gunia juu ya kabati. Rehani aliishusha rejeta, akaziba midomo yake, akapulizia pumzi ndani na kuizamisha kwenye beseni. Kila povu lilipotokea aliweka alama. Kisha akakausha, akakwangua, akapasha chuma kwenye mkaa, na kuanza kuziba tundu baada ya tundu. Nikodemo alileta gesi yake, Rehani akakataa, bati lile lilikuwa limekwisha kuliwa na kubaki kama karatasi, moto mkali ungelitoboa. Nikodemo hakununa. Alibaki akipepea mkaa siku nzima, akidai amekuja msibani na hawezi kuondoka kabla ya mazishi.

Haikuvuja. Ikarudishwa mahali pake, ikafungwa. Rehani akachukua kidumu, akaenda bombani, akafika, akasimama.

Unaelewa alichokifikiri. Kuitilia yale maji ni kuilisha mifupa tena. Na maji mengine yalikuwa mahali pamoja tu, kwenye tangi la Stara, na huo ulikuwa mwezi wa Septemba, mvua bado iko mbali, tangi ukiligonga linaitikia kama ngoma. Alirudi na kidumu kitupu. Akakiosha. Akakiweka karibu na tangi, akakitazama, akakiondoa, akakirudisha. Stara alikuwa dirishani.

"Unakizungusha hicho kidumu kama unachumbia," alisema. "Sema."

Rehani akakisogeza kidumu hatua moja zaidi, karibu na koki.

Stara alitoka, akakichukua, akafungua koki mwenyewe. Maji yakashuka kidogo kidogo, na wote wawili wakawa wanayasikiliza.

"Juisi nitapunguza. Lakini Baba Salha, ikichemka kwa maji yangu, usiniletee habari za barabara."

Jumamosi Tereza alikuwa amesimama ng'ambo ya korongo na kreti zake kivulini. Aliwasalimia kwa mbali, mbukwenyi, salamu ya Kigogo kwa watu wengi, ijapokuwa Rehani alikuwa peke yake. Ndivyo anavyoisalimia Landrova pamoja na dereva. Wakapakia. Akina mama wakaifuata nyuma kwa miguu, kama kawaida yao, ili ikikwama mikono iwepo. Mshale wa joto katika gari lile ulikufa zamani, kwa hiyo Rehani huendesha kwa masikio. Alitia gia ndogo, akasema bismillahi, akaingia mchangani.

Tereza alikaa mbele. Hakutania. Walipofika pale pale palipochemka msimu uliopita, aliweka kiganja chake juu ya dashibodi, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliye katika uchungu. Mchanga ulivuta, injini ikalalamika, magurudumu yakatafuta na kupata. Rehani alikuwa akisikiliza mlio mmoja tu, ule wa maji kuanza kunong'ona. Hakuusikia. Wakatoka korongoni, wakaushika mwinuko, na kilimani juu akasimamisha gari ili aangalie.

Alifungua boneti. Hapakuwa na mvuke. Kwenye pembe ya chini kulikuwa na tone moja, moja ya lehemu zake ilikuwa inalia polepole. Alingoja ipoe kidogo, akafungua kifuniko kwa kitambaa, akaongeza maji, kikombe tu. Tereza aliomba kile kidumu akanawe uso, maji yakamgusa mdomoni, akageuka.

"Haya si ya kisima."

Rehani akamweleza yalikotoka, na juisi iliyopunguzwa. Tereza akapanda nyuma, akafunua kreti baada ya kreti, akachagua vishada ambavyo mtu huwa anaviacha kwa ajili ya maonyesho, akavifunga kwenye khanga yake.

Mjini zabibu zilifika nzima, zingali na baridi ya kivulini, na zikapokelewa bila maneno. Tereza hakushukuru, hana tabia hiyo. Alisema tu kesho alfajiri, na keshokutwa, na atakuwa na kreti zaidi, na kwamba na yeye afundishwe fundo la ule mlango.

Stara alikuwa uani alipoisikia ikikata kona. Alizunguka mbele, akaweka mkono juu ya boneti, akaondoa, akaweka tena. Rehani akampa khanga ya Tereza. Stara akala zabibu moja amesimama, ya pili ameketi.

"Miaka yote hii naishi Dodoma," alisema, "sijawahi kuiona ikining'inia mtini."

Rehani alimwambia kiti cha mbele springi zimetoka juu, zitamchoma. Stara akasema atakuja na mto.

Usiku ule Rehani aliigusa upya ile pembe kwa lehemu, na alfajiri wakaondoka, Stara mbele na mto wake, kidumu cha maji ya mvua miguuni pake. Walipoanza kupanda kutoka mjini gari likatoa mngurumo mzito, na Stara akashika mlango uliofungwa kwa mpira.

"Nini hiyo?"

"Gia ya pili. Gari linasubiri uliamkie, ni mkubwa wako kwa umri."

Stara aliitazama ile dashibodi yenye mikwaruzo, akajirekebisha juu ya mto.

"Shikamoo," alisema.

Na Landrova ikaendelea kupanda.