Kopo la Anaeli

Juzi mchana, kwenye duka letu la mjini, mtoto aliyebebwa mgongoni alinyoosha mkono, akachukua kopo dogo la karanga kwenye shelfu na kulitikisa. Chaka-chaka, chaka-chaka. Mama yake wala hakugeuka, alikuwa anachagua sabuni. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, nikasahau kabisa nilichotaka kuandika. Vijana wangu wa dukani wamenizoea, huniacha mpaka nirudi. Wanadhani ni presha.

Si presha, jamani. Ni sauti niliyoamshwa nayo kila alfajiri nilipokuwa darasa la tatu, nikiishi kwa shangazi yangu, mtaa wa Kwa Mrombo.

Shangazi, dada yake baba, leo ana maduka manne na yote yana jina moja. Siku zile alikuwa na moja tu, si mbali na soko: mbele duka, katikati chumba chetu cha kulala, nyuma stoo. Nyumba nzima ilinuka dagaa, mafuta ya taa na sabuni ya mche, hata daftari zangu za shule zilinuka hivyo. Alianza kwa kuuza ndizi za kwetu Nkoaranga, amezitandika chini juu ya gunia. Akapata meza, kisha kibanda, kisha duka. Mume hakuwa naye, na shule aliiacha mapema. Alichokuwa nacho ni jicho, na ule ukaidi wa watu wa kwetu mlimani. Mtoto yeyote aliyetumwa dukani kwake alipewa kitu kidogo cha bure, pipi au kipande cha andazi, na shangazi alikiita "ya njiani". Basi watoto wa mtaa mzima wakawa wanapita maduka matatu yaliyo karibu ili wafike kwetu. Wenye maduka hayo hawakufurahi, na mtu asiyefurahi hakosi la kusema.

Wateja walimwita Mama Anaeli. Mimi nililizoea jina hilo kabla sijaanza kulishangaa, maana ndani ya nyumba ile hapakuwa na Anaeli. Hapakuwa na kiatu chake, picha yake wala shati lake kwenye kamba. Siku moja nikamuuliza shangazi Anaeli yuko wapi.

"Yupo," akasema, akaendelea kupima sukari. "Kula, chai inapoa."

Na kila alfajiri, kabla hajafungua mlango wa mbele, aliingia stoo na kuufunga mlango nyuma yake. Nami kitandani, blanketi hadi puani, nikasikia: chaka-chaka, chaka-chaka. Halafu kimya. Halafu makomeo ya duka yanafunguliwa, na mteja wa kwanza anagonga kaunta kana kwamba ameitwa.

Aliyenitafsiria mambo hayo ni Zawadi, tuliyekaa naye dawati moja. Mama yake aliuza mboga ng'ambo ya barabara, na Zawadi alijua habari za watu kuliko alivyojua hesabu.

"Shangazi yako alimtoa kafara mwanawe," aliniambia tukirudi shule. "Ndiyo maana duka linajaa. Yule mtoto yuko stoo, anavuta wateja."

"Muongo!"

"Muulize mtu yeyote. Na sasa anafungua duka la jumla kule barabarani, si ndiyo? Duka kubwa nalo linataka mtu. Kwenu kuna nani mwingine zaidi yako?"

Nilifikiri jambo hilo kwa makini, na nikakuta hapakuwa na mwingine.

Toka siku hiyo kila wema wa shangazi ulinitisha. Akinibakizia nyama, naona ananinenepesha. Akinipaka mafuta miguuni, naona ananiandaa. Zile pipi za "ya njiani" nikaacha kuzila, nikawa namtupia mbuzi wa jirani, na kila asubuhi nilikwenda kumtazama kama bado yu hai. Alinawiri, yule mbuzi. Wazee husema lisemwalo lipo, kama halipo laja, na mimi nilikuwa na hakika kwamba linakuja kwangu.

Kisha shangazi akarudi kutoka mjini na gauni jeupe na viatu vipya. Akanipimia begani, akasema Jumamosi tutapanda Nkoaranga, kabla duka la jumla halijafunguliwa.

"Kuna mtu nataka akuone," akasema.

Ijumaa alfajiri nikaamka kwa ile sauti. Chaka-chaka. Nilikuwa nimekata shauri kukimbia kabla hajatoka stoo, kwa hiyo nikainuka, nikachungulia dirishani kuona kama njia ni nyeupe. Nikamwona shangazi. Alikuwa nje bombani, mgongo kwangu, anajaza ndoo. Maji yanamwagika kwenye ndoo, ukungu mdogo umelala uani, na nyuma yangu, ndani ya stoo yenye mlango uliofungwa, kopo linachezwa. Polepole, linaacha, linaanza tena. Nilirudi kitandani nikajikunja. Sikukimbia. Ningepita wapi? Duka lilikuwa limekomewa, na njia ya uani ilipita mlango wa stoo.

Jumamosi tukaenda. Juu ya mji wa Usa River mvua ya usiku ilikuwa imegeuza barabara kuwa tope, bodaboda wakakataa, tukapanda kwa miguu kwa vile vijia vyetu vinavyomfanya mtu ayaombe msamaha magoti yake. Ukungu ulikuwa mzito. Migomba ilitokea ghafla kando yetu, ikidondosha maji, halafu ikapotea. Shangazi alitangulia na kikapu kichwani, na mkononi ameshika jani la sale. Sale kwetu huoteshwa makaburini, na ukimkosea mtu, humwendea na jani lake kuomba radhi. Nililitazama lile jani njia nzima. Nikafikiri, ananiomba radhi kabla.

Katika kihamba cha babu, shamba letu la ukoo, nyuma ya miti ya kahawa, akasimama. Palikuwa na tuta dogo, fupi kuliko mimi, limezungukwa na masale. Akashusha kikapu. Akatoa lile kopo, kopo la maziwa ya unga lililochubuka rangi, na maharage yakalia ndani yake.

"Anaeli," akasema, si kwangu, "huyu ni Ndeshi, binti wa mjomba wako. Ndiye anayelala chumbani kwetu."

Akapiga magoti kwenye tope na kulilaza jani juu ya tuta. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwa sauti ileile ya kupimia sukari.

"Alikuwa na homa, kifua kimembana. Nilikuwa nimekata mkungu wa kupeleka sokoni. Nikasema niuze kwanza, nipate hela, ndipo nimpeleke. Hospitali ilikuwa juu, soko lilikuwa chini. Nikashuka. Alikuwa mgongoni anacheza na hili kopo. Karibu na lami likanyamaza. Nikasema afadhali, amelala."

Ndege fulani alilia kwenye mikahawa, akanyamaza.

"Sijawahi kuuza kama siku ile, Ndeshi. Watu walinijia kana kwamba hakuna ndizi nyingine sokoni. Nilipomshusha mgongoni, sikuwa nimebaki hata na ndizi moja. Ile hela ndiyo iliyonunua meza. Meza ikazaa kibanda. Wanaosema nilimtoa, nawasikia. Sijawahi kuwabishia."

Akanyanyua kopo alitikise. Kila alfajiri alikuwa akimwamsha mwanawe hivyo, akasema, ili amwombe ruhusa kabla ya kufungua mlango. Na leo amekuja kumwomba kwa ajili ya duka kubwa.

Sijui kilichonisukuma. Labda nilitaka ajue kwamba najua. Nikalia, nikasema, "Jana lilicheza lenyewe. Wewe ulikuwa bombani. Nilikuona, shangazi, ulikuwa bombani!"

Mkono wake ukakaa hewani. Alinigeukia polepole, na uso wake ule, wateja wa Kwa Mrombo hawajauona hata siku moja.

"Lilikuwa linalia vipi?" akauliza. "Kama la mtu mwenye hasira, au la mtoto anayecheza?"

Nililitazama tuta. Nikayatazama yale masale. Nikachagua jibu ambalo mtu mwenye kutaka kurudi nyumbani angelichagua.

"La mtoto anayecheza."

Shangazi akakaa chini kwenye tope na kitenge chake kizuri, akalikumbatia kopo, akalia kwa sauti kubwa mpaka watu wa nyumba ya juu wakatoka. Kisha akaanza kucheka, huku bado analia. Akanishika mkono tukashuka, na njiani akaninunulia ndizi za kuchoma, nami nikazila zote.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimezaa mwenyewe, nimekaa na mwanangu mwenye homa mapajani huku simu za mzigo zinaita, ndipo nikaelewa nilichoulizwa asubuhi ile. Nilidhani nayaokoa maisha yangu. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akingoja hukumu, na alikuwa ameingoja tangu siku ya ule mkungu.

Sasa shangazi amezeeka, mimi ndiye ninayezunguka madukani. Nimefanya kazi kwenye stoo za nafaka miaka ya kutosha kujua kwamba panya hupenda maharage, na kopo lisilofunikwa vizuri hulitikisa usiku kucha. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Sijamwambia. Katika maduka yote tunatega panya kila jioni, na mimi mwenyewe hukagua mitego. Stoo ile ya Kwa Mrombo, ambako kopo bado limekaa kwenye shelfu yake, sijawahi kuitega.