Mume Wangu Aliigawa Pikipiki Yangu, Sasa Ukoo Unataka Nipeleke Isale

Mhariri, naomba jina langu lisitoke, wala la kijiji chetu, maana huku mlimani tunajuana wote. Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, nimeolewa huku juu ukishapita Himo. Nilisomea mifugo nikaajiriwa serikalini, mpaka walipotupunguza. Wenzangu wengi waliingia kwenye mitumba. Mimi kiinua mgongo changu nilinunulia pikipiki kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, nikaanza kutibu ng'ombe wa watu nyumba kwa nyumba.

Siyo kipikipiki cha kuendea sokoni. Ni cc mia mbili na hamsini, injini yote iko wazi, haina kioo cha kukinga upepo wala maplastiki ya urembo. Ukishuka Himo upepo unakupiga kifuani na vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Ukipanda juu, ukungu unalowesha magoti. Asubuhi za Julai inagoma kabisa, unavuta choki na kupiga kiki mpaka unatoka jasho kwenye baridi. Ekzosi ilishaniunguza mguu, alama ninayo. Lakini nimejifunza kusafisha plagi, kukaza mnyororo na kubadilisha oili mwenyewe. Naipenda, sitawaficha.

Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi Himo. Mwanzoni alijivunia. Nilikuwa nampakia asubuhi, namshusha dukani, naendelea na safari zangu. Kisha wenzake wakaanza: "Mangi, leo umeletwa?" Akawa anacheka nao. Baadaye akaacha kucheka. Jumapili moja tulipotoka kanisani aliichukua awaonyeshe wageni wa baba yake kwamba naye anaweza. Alivuta mafuta kwa nguvu, akaingia nayo kwenye mibuni pale getini, suruali ikachanika. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka, Mungu ni shahidi, nilikimbia kumwinua. Akanisukuma mkono. Tangu siku hiyo ikawa ni maneno tu: eti suruali zangu zinamtia aibu, eti mke wa mtu anakaaje hivyo juu ya mashine.

Mwezi wa tano mama yangu mzazi aliugua, nikaenda kumuuguza. Barabara zilikuwa tope tupu, pikipiki nikaiacha nyumbani. Niliporudi sikuikuta.

"Pikipiki iko wapi?"

"Nimempa mdogo wangu. Ana biashara Tarakea, anahitaji usafiri. Wewe utatembea kama wake za wenzangu."

"Umegawa kitu cha nani?"

"Cha nyumba hii. Na mwenye nyumba ni mimi."

Nikatembea kweli. Wiki ileile nikaitwa kwa mama mmoja mjane, ng'ombe wake ameshindwa kuzaa. Nilipanda ule mlima nikikimbia na begi la dawa begani. Nilipofika ndama alikuwa ameshakufa tumboni, na ng'ombe niliponea chupuchupu kumpoteza. Yule mama hakunilaumu. Alisema tu, "Daktari, umechelewa," akaingia ndani kunichemshia chai.

Kesho yake nilipanda basi la Tarakea. Niliikuta sokoni, imefungiwa magunia ya maharage, kioo kimoja cha pembeni kimevunjika, oili inavuja chini. Ufunguo wa pili ninao. Nikafungua kamba, nikashusha magunia moja moja, nikayapanga vizuri pembeni. Shemeji alitoka mgahawani mbio, chapati mkononi.

"Shemeji, hiyo nimepewa na kaka!"

"Mwambie kaka akupe kitu chake."

Nikapiga kiki. Soko zima liligeuka. Akina mama wauza ndizi walipiga vigelegele, nami nikaondoka.

Nyumbani nilimkuta mume wangu amesimama getini. "Ukitaka kuingia, ingia kwa miguu. Hilo lidude libaki nje." Niliita wanangu, mmoja nikamweka mbele, mmoja nyuma, tukashuka taratibu hadi Moshi. Sasa nimepanga chumba na sebule mtaa wa Soweto. Pikipiki inalala sebuleni kwa kuogopa wezi, na wanangu wamezoea harufu ya petroli.

Mwezi uliopita ukoo uliniita. Nilikwenda, nikawapa wazee shikamoo zao, nikakaa. Baba mkubwa akatoa hukumu: Krismasi watu wote wakiwa wamerudi nyumbani, nije na jani la isale kama mkosaji yeyote anayeomba radhi, nipige magoti mbele ya mume wangu, na ufunguo nimkabidhi. Nikawauliza, "Aliyegawa cha mwenzake yeye atabeba nini?" Mume wangu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mama mkwe alinisindikiza hadi getini. Ni mtu wa maneno machache. Akanishika mkono: "Mwanangu, mimi mlima huu nimeupanda na mzigo kichwani tangu niolewe. Ukija Krismasi, njoo umeipanda."

Wapendwa, mume wangu si mlevi, hajawahi kunipiga, na bado nampenda. Juzi alituma mkungu wa ndizi kwa watoto na maneno kwamba wamekumbukwa. Watoto wanamuulizia kila siku. Lakini isale sibebi, kwa sababu sijakosa.

Sasa nipeni mawazo. Niende Krismasi mikono mitupu mbele ya ukoo mzima, nilipigie honi geti lile? Au nikae hapahapa Soweto mpaka aje mwenyewe? Mwenye ushauri wa kunirudishia ndoa yangu nitamsikiliza. Mwenye ushauri wa kuitoa pikipiki asijisumbue kuandika. Tangi limejaa, na Jumatatu kuna ng'ombe wa mtu ananisubiri Kilema.